Sura ya Nne: Mikononi mwa Wenyeji

Mwaka 1876 walifika Unguja vijana wawili wa Kiingereza waliosoma pamoja University College, Oxford. Chauncy Maples alikuwa na umri wa miaka 24. William Percival Johnson alikuwa na miaka 22, na kabla ya hapo alikuwa akijiandaa kwenda India kushika kazi ya serikali, kazi ya mshahara mnono na uzee usio na wasiwasi. Aliiacha akajiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile ambayo Waanglikana wa kusini mwa Tanzania wanaijua kwa herufi nne tu: UMCA. Misheni hiyo haikulipa mshahara. Mtumishi alipewa malazi, chakula na posho ya pauni 20 kwa mwaka, na alitakiwa kubaki mseja.

Habari za vijana hawa ziliandikwa na ndugu zao na rafiki zao, nazo ni habari za kweli za watu jasiri. Lakini ukizisoma kwa makini utawaona watu wengine wakipita pembeni ya ukurasa. Wanabeba mizigo, wanapika, wanafasiri mahubiri, wanapiga kengele ya sala, kisha wanatoweka kabla hatujaambiwa majina yao. Mimi nashikilia kwamba siri ya utume ule iko kwa watu hao. Ukitaka kujua kwa nini kijana mmoja alidumu ugenini na mwingine akashindwa, uliza kwanza alipokewa na nani, na kama alikubali kupokewa.

UMCA ililipata somo hili kwa gharama kubwa. David Livingstone alipohutubia Cambridge mwezi Desemba 1857 aliwasha moto mioyoni mwa wasomi, na mwaka 1861 kundi la kwanza likapiga kambi Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, chini ya Askofu Charles Mackenzie. Walikuwa na imani, walikuwa na bunduki, na walizungukwa na watu waliowaokoa kutoka misafara ya watumwa. Wakristo wenyeji wa kuwaambia neno hawakuwapo. Hawakuijua lugha, wala ugomvi wa nchi ile ulianzia wapi na nani alikuwa na deni kwa nani. Haukupita muda wakajikuta vitani, wakiwasaidia Wamang'anja dhidi ya Wayao. Mackenzie alifariki kwa homa Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata. Aliyeshika nafasi yake, Askofu Tozer, alihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, na wengi Uingereza wakaona amekimbia. Mimi namtetea Tozer. Alihitaji watu wa nchi kabla ya kuingia nchini, na Zanzibar ndiko alikowapata: Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879.

Kwa hiyo Maples na Johnson walipofika, waliikuta nyumba yenye watu. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na Edward Steere, ambaye sasa ndiye aliyekuwa askofu, alikuwa akijenga kanisa juu ya kiwanja kile kile. Kiungani palikuwa na shule ya wavulana. Mbweni palikuwa na kijiji cha walioachwa huru. Watoto waliosombwa kutoka Uyao, Umakua, Uzigua na nchi za Nyasa walikuwa wamekua, wameoa na kuolewa, na wengi wao walitamani kurudi bara walikotekwa.

Mwishoni mwa mwaka huo Steere aliwachukua zaidi ya hamsini kati yao, wanaume kwa wanawake, wakavuka bahari hadi Lindi, kisha wakakata pori kuelekea magharibi. Johnson alikuwa safarini pamoja nao. Nia ya kwanza ilikuwa kwenda mbali zaidi, upande wa Ziwa Nyasa. Lakini Masasi, chini ya yale majabali makubwa ambayo msafiri wa leo anayaona kabla hajauona mji, palikuwa na maji na ardhi ya kulima, na watu walikuwa wamechoshwa na njia. Wakatua hapo. Walipima viwanja, wakakata miti, wakapanda mtama na mahindi. Maples alipowafuata mwaka 1877 alikuta kijiji kinachojilisha.

Fikiria basi hali ya kijana yule wa Oxford katika mwaka wake wa kwanza. Anajua Kigiriki na Kilatini. Hajui kuwasha moto kwa kuni mbichi, hajui maji yapi yananyweka, hajui kwamba ukipita mbele ya wazee waliokaa bila kuinama kidogo na kusalimu umewatukana. Yeyote aliyewahi kujifunza lugha kwa kuishi nayo anajua inavyokuwa. Mama aliyeko kwenye kinu anasimamisha mchi, anakusikiliza mpaka mwisho, kisha anairudia sentensi yako nzima ilivyopaswa kuwa, taratibu, kama anavyomfanyia mjukuu wake. Watoto wanacheka. Kesho unakosea tena, naye anasimamisha mchi tena. Msomi anayeweza kuvumilia hayo miezi na miezi bila kununa amefaulu mtihani mkubwa kuliko wowote aliofanya chuoni. Maples alivumilia. Mwaka 1879 alichapisha kitabu kidogo cha lugha ya Kimakua, na miaka tisa baadaye msamiati wa Kiyao. Jaladani kuna jina lake peke yake. Lakini maneno yale yote yalitoka vinywani mwa watu, na nami nasikitika kila nikifikiri kwamba walimu wake hawatajwi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maples na Johnson walilipokea jembe hilo kwa mioyo yote, ila si kwa namna moja. Johnson alikuwa mtu wa mbele kwa mbele. Alitamani kufika mahali ambapo jina la Kristo halijasikiwa, na mwaka 1880 akaenda kukaa Mwembe, mji mkuu wa Mataka, mfalme mashuhuri wa Wayao, mashariki mwa Ziwa Nyasa. Mataka alimpa mahali pa kukaa. Lakini utajiri wa Mwembe ulitegemea misafara ya pembe na watumwa, na pale msafara mmoja ulipokamatwa pwani, watu walimshuku mgeni wao kwamba ndiye aliyepeleka habari. Mwaka 1881 ilimbidi aondoke, na mali yake ikapotea. Hapakuwa na ukoo wa kumsimamia barazani, wala jirani Mkristo wa kusema, "Huyu tunamfahamu, hakufanya hivyo." Johnson hakupungukiwa na ushujaa wala sala. Alipungukiwa na watu.

Masasi walikuwapo watu, na mwaka uliofuata walijaribiwa vikali. Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, walikivamia kijiji. Baadhi ya wakazi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Tafakari maana yake: watu waliowahi kutekwa utotoni, wakauzwa, wakaokolewa, wakabatizwa, wakajenga nyumba kwa mikono yao, sasa wanafungwa kamba upya. Padri Porter, mmoja wa wamisionari, aliwafuata mateka hadi nchi ya Wangoni kujaribu kuwakomboa. Waliosalia wengi walihamia Newala pamoja na Maples, na hapo ndipo utaona alivyopokewa mgeni aliyekwisha kujulikana. Matola, mkuu wa Wayao wa Newala, aliwapa mahali pa kukaa chini ya ulinzi wake. Hakuwa Mkristo. Kwa miaka mingi aliihifadhi misheni, akisikiliza mahubiri, akishauriana na mapadri, huku akibaki na wake zake na desturi zake, na alibatizwa mwaka 1895 akiwa kitandani karibu na kufa. Historia za kanisa humweka Matola katika orodha ya waongofu. Mimi ningemweka kwanza katika orodha ya wafadhili, kwa sababu bila yeye Kanisa la kusini lingeweza kuishia katika majivu ya 1882.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwangu ndiye kiini cha sura hii.

Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akafikishwa Zanzibar, akaachwa huru na kulelewa na misheni. Alisoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza, Chuo cha St Augustine, Canterbury. Aliporudi alifundisha, akamwoa Lucy, binti aliyelelewa na misheni kama yeye. Mwaka 1886 aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka huo huo, akiwa kijana wa chini ya miaka 30, alitumwa Chitangali, kwa mkuu mmoja wa Kiyao aliyeitwa Nakaam.

Je, huyu alikuwa mgeni au mwenyeji? Damu ilikuwa ya kwao. Lakini alikulia pwani, akavaa kanzu ya pwani, akasali kwa Kiswahili, akasoma kwa Kiingereza, akala baridi ya Canterbury. Hakuwa na ukoo unaomjua Chitangali, wala hakupitia jandoni na vijana wa pale. Katika baraza la wazee wa Kiyao, mtu asiye na ukoo ni mtu asiye na kauli. Majaliwa aliingia bila kitu ila mke wake, vitabu vyake na neno la mkuu aliyemkaribisha. Padri wa Kizungu aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mwendo wa siku nzima au zaidi, na muda mwingi Majaliwa alifanya kazi peke yake.

Na kazi ikaenda. Alifungua shule. Aliwaweka watu katika ukatekumeni kwa muda mrefu, hakuwa na haraka ya kubatiza. Aliwalea walimu kutoka vijana wa hapo hapo, nao wakaenda vijiji vya jirani. Nakaam mwenyewe alibatizwa akaitwa Barnaba. Lucy naye alikuwa na kazi yake kwa wanawake, na inaniuma kwamba kumbukumbu za misheni zinamtaja kwa mstari mmoja mmoja tu, maana nyumba ya Kikristo ya kwanza ambayo mabinti wa Chitangali waliiona ilikuwa ya kwake: jinsi mume anavyozungumza na mke, nani anakula lini, mtoto akiugua huitwa nani. Mahubiri ya kanisani husikika Jumapili. Yale ya nyumbani kwa Lucy yalisikika kila siku, na hakuna aliyeyaandika.

Mwaka 1890 Askofu Smythies, aliyeshika nafasi ya Steere, alimweka Majaliwa kuwa kasisi katika kanisa la Mkunazini. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupata daraja hiyo, pale pale mahali ambapo watoto kama yeye walikuwa wakipigiwa bei.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Haikuwa hivyo. Miaka ya 1890 ndiyo miaka ambayo ukoloni wa Kijerumani ulikuwa ukijikita, na ule moyo wa kizazi cha Steere wa kuwaandaa Waafrika washike kazi mapema ulianza kupoa. Wamisionari wapya walikuja wengi zaidi, wenye mashaka zaidi, na usimamizi ukarudi mikononi mwa Wazungu. Kabla karne haijaisha Majaliwa aliondoka Chitangali akarudi Zanzibar. Kanisa lilikuwa na mtu anayejua kuongea na mkuu, na mwanafunzi, na askofu, kila mmoja kwa lugha yake, likashindwa kumtumia hadi mwisho. Hasara hiyo hailipiki.

Hata hivyo makasisi waliofuata nyayo zake waliendelea kushikilia mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona. Chukua suala la jando. Wamisionari wengi waliona ndani yake uchafu wa kipagani tu, wakataka vijana Wakristo wakatazwe. Mapadri na walimu Waafrika walijua kwamba kijana wa Kiyao au Kimakua asiyepitia jando hatahesabiwa mtu, hataoa, na hatakuwa na sauti kijijini. Ukimkataza, umemfukuza ama kanisani ama nyumbani. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, ndiye anayesifiwa kwa kuanzisha jando la Kikristo, lenye sala na mafundisho ya kanisa ndani ya desturi ya wazee. Anastahili sifa. Lakini mgeni asingeweza kujua kipi kibaki na kipi kiondoke bila kuketi na watu waliowahi kukaa jandoni wenyewe. Ushauri wa makasisi wenyeji ndio uliolijenga, na ukubwa wa Lucas ni kwamba aliwasikiliza.

Nayaandika haya nikiwawaza hasa vijana wa makanisa yetu wanaotumwa leo, wengine Msumbiji, wengine Kongo, wengine Sudan Kusini. Wanaondoka na gitaa, na vipaza sauti, na ratiba ya semina iliyopangwa Dar es Salaam au Nairobi. Nawapenda kwa bidii yao. Ningewaomba wafike siku mbili tatu kabla ya semina, wakae barazani kwa mzee wa kanisa, wamuulize mwaka jana alizikwa nani, na nani hasalimiani na nani, na ile ratiba waiweke mbele ya mama kiongozi wa kwaya aikatekate anavyotaka. Mwinjilisti wa kijijini anayelipwa debe la mahindi anajua mambo ambayo hayamo katika kitini chochote. Kijana akishakubali kuwa chini ya mtu huyo, hata kwa wiki mbili, ataacha kitu. Asipokubali, ataacha picha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka ziwani. Baada ya kufukuzwa Mwembe, Johnson alielekea Nyasa akiwa na rafiki yake Charles Janson, kasisi kijana. Janson aliugua njiani, akafariki Februari 1882 ufukweni Chia, upande ambao sasa ni Msumbiji, mara tu alipoliona ziwa. Meli ya mvuke ya misheni iliyozinduliwa mwaka 1885 ilipewa jina lake. Kwa meli hiyo Johnson alizunguka vijiji vya pwani ya mashariki ya ziwa, akishusha mwalimu hapa, akimpakia mwingine pale. Ugonjwa wa macho ulimpofusha jicho moja na la pili likabaki na nuru hafifu. Hakuiacha kazi. Alikula chakula cha vijijini, alilala walikolala vijana wake, na kwa macho yale mabovu akaendelea kutafsiri Maandiko. Alifariki Liuli mwaka 1928, miaka 52 tangu ashuke Unguja, na kaburi lake liko huko. Rafiki yake Maples alitangulia zamani: alizama ziwani Septemba 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa kuwa askofu, akiwa njiani kwenda Likoma.

Walimu aliowashusha Johnson walikuwa nao wageni. Augustine Ambali alizaliwa mbali na Nyasa, akauzwa, akakombolewa, akasoma Kiungani, na alifanya kazi ziwani muda mrefu hata akaandika kitabu cha kumbukumbu alichokiita kwa Kiingereza Thirty Years in Nyasaland. Huyu alikuwa mmisionari kwa maana yote ya neno. Alivuka bahari na nchi, akajifunza lugha isiyo yake, akazika wapendwa wake katika udongo usio wa baba zake.

Na kutoka Chia, ufuko ule ule alikofia Janson, akatokea Leonard Mattiya Kamungu. Alizaliwa yapata mwaka 1877, akasoma kwa wamisionari, akapelekwa Kiungani, Zanzibar, akarudi. Mwaka 1909 alipewa ukasisi. Miaka miwili baadaye, wakati UMCA ilipokuwa ikianza kazi Rodesia ya Kaskazini, alikwenda Msoro, mashariki mwa Zambia ya leo. Alikuwa na maisha yaliyotulia, mahali panapomheshimu, lakini alikwenda kwa watu wengine kabisa, kama Johnson alivyokuja kwa watu wa Chia. Alijenga kanisa na shule, akakusanya wanafunzi, akaishi nao. Tarehe 27 Februari 1913 alifariki ghafla, na wengi waliamini amelishwa sumu. Alikuwa na miaka yapata 36. Waanglikana wa Malawi na Zambia wanamkumbuka kila mwaka tarehe hiyo.

Mwaka uliofuata kifo chake ulianza Vita Kuu ya Kwanza. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wamisionari Waingereza walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Vituo vyao havikufungwa. Makasisi na walimu Waafrika waliendelea kusomesha, kubatiza na kuzika wafu, katika miaka ya njaa na ya kusombwa kwa wapagazi, na baadhi yao wakateswa na kufungwa kwa kushukiwa kuwa ni watu wa Mwingereza. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari kuliongoza kanisa. Walikuwa wakiliongoza.

Ndiyo maana hesabu moja hainipi amani. Cecil Majaliwa aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1890. Masasi ilipata askofu wa kwanza Mwafrika, Gayo Hilary Chisonga, mwaka 1968, Askofu Trevor Huddleston alipoondoka. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 78. Katika miaka hiyo vijana wa Kizungu waliendelea kuja, wengi wao wema, wakijifunza kazi kwa makasisi wenyeji waliowazidi umri na uzoefu, kisha wengine wakapanda kuwa wakubwa wa walimu wao. Huddleston, aliyekwisha kupambana na ubaguzi Afrika Kusini kabla ya kuja Masasi, aliona kwamba haki ni kiti hicho kikaliwe na mwana wa nchi, akakiachia.